Gunia Lisilo na Maandishi

Watu saba walitapika kwa sababu ya maandazi yangu, na mmoja wao alikuwa Bibi Mboni. Wale sita ningewaomba radhi, yakaisha. Lakini Bibi Mboni ndiye aliyekuwa akigawa kazi za futari msikitini kwetu Igogo: nani apike uji, nani alete viazi, nani akaange maandazi. Maandazi yalikuwa yangu kwa miaka tisa. Kesho yake nilimkuta kibarazani kwake, macho yamemwingia ndani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia nipumzike mwezi huu.

"Nipumzike kwa lipi, bibi?"

"Pumzika tu, Sihaba. Umechoka."

Kweli nilikuwa nimechoka, ila si kwa uchovu aliousema yeye. Nilijua maana yake. Gatini, nilikokuwa nikiuza siku zote, abiria wa meli ya Nansio walikwishaanza kupita kando ya beseni langu bila hata kuuliza bei. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe mkono, akamnong'oneza, na mtoto akanitazama kama aliyeona nyoka. Mkaanga maandazi hana shamba wala ng'ombe. Ana jina lake tu, na langu lilikuwa limeharibika kwa usiku mmoja.

Hiyo ilikuwa Ramadhani ya kwanza baada ya Uhuru. Kila kona watu walikuwa wakisema sasa mnyonge naye ana pa kusemea. Maneno hayo niliyachukua kama yalivyo. Nikasema basi, na mimi nikaseme.

Makosa yangu nayajua, wala siyafichi. La kwanza ni gunia. Unga niliununua kwa Maige, Mabatini, kwenye duka kubwa kuliko yote upande ule, ambako mteja anaingia mpaka ndani na kujichagulia. Magunia mengine yalipigwa jina la kiwanda na tarehe kwa wino wa buluu, mengine yalikuwa meupe pe. Sasa, mwanamke wa Mwanza wakati ule hakununua unga peke yake, alinunua na gunia. Unga ukiisha, gunia linachemshwa kwa sabuni na majivu siku mbili ili wino utoke, ndipo lishonwe foronya au gauni la ndani. Na wino wenyewe mbishi, unaweza kumwona mtoto wa watu anacheza na tarehe ya kiwanda mgongoni. Kwa hiyo nilipoona gunia la kitambaa cha marikani safi, lisilo na hata herufi moja, niliona ni bahati yangu. Nikalikimbilia kabla mwenzangu hajaliona.

La pili, sikuonja. Nilikuwa nimefunga. Wapo wapishi wanaogusa kwa ncha ya ulimi na kutema, na mashehe wanasema hakuna ubaya, lakini mimi ulimi wangu siuamini. Sukari na hiliki nilitia kwa kukadiria na mkono, kama miaka yote. Harufu niliisikia kidogo nilipokuwa nakanda. Nikadhani ni ya nguo mpya.

Basi nikabeba unga uliobaki, ndani ya gunia lake, nikaenda kwa Maige. Mume wangu Muhidin alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka hilo hilo. Kwa miaka kumi na moja hakudaiwa pango. Mteja ananunua kitambaa ndani, anashonewa nje, na kila mtu anafurahi. Siku ile nilipopita mbele yake na gunia kichwani, aliinamisha uso kwenye kazi yake. Nikadhani ananionea haya.

Maige alikuwa mtu mnene, wa taratibu, asiyegombana na mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unga ulitoka hapa mzima, mama Zakia," alisema. "Pengine nyumbani uliwekwa vibaya. Lakini mimi sipendi maneno. Chukua gunia jingine, na debe la mafuta juu yake."

"Sitaki unga. Nataka uje Ijumaa, uwaambie watu kwamba unga ule ulikuwa wako."

"Mimi mtu wa misheni. Nikasimame msikitini niseme nini?"

"Simama nje. Useme hivyo hivyo."

"Halafu nani atanunua kwangu?"

"Na kwangu ananunua nani?"

Alimwita Muhidin aje anisindikize, eti jua ni kali. Muhidin akanisindikiza mpaka njia panda, akaniambia nipokee lile debe, tuyamalize. Nilimwona mwoga, nikaondoka peke yangu.

Kwa bwana afya wa mji nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa nije kesho. Mara ya pili alikuwa ametoka kukagua bucha, nikamngoja ukutani mpaka adhana ya alasiri, nikarudi zangu. Kutoka Igogo hadi mjini si mbali kwa mtu aliyekunywa chai. Kwa mtu aliyefunga, mwenye gunia kichwani, ni mbali. Nilikuwa nikitembea nasema peke yangu, na watu walinipisha.

Mara ya tatu nilimpata. Alikuwa kijana wa Kihaya, Bwana Venant, mpole, mashati mawili tu nadhani alikuwa nayo. Alichota unga kwa vidole, akaunusa, akageuza uso.

"Umevunda, mama. Huu hata ng'ombe hapewi. Tarehe iko wapi?"

"Gunia halikuwa na maandishi."

"Hakuna kiwanda kinachouza unga ndani ya marikani tupu." Akalipindua gunia, akavuta mshono wa ubavuni. "Na huu si mshono wa kiwanda. Hii ni cherehani ya fundi. Unga ulikuwa umepitwa na wakati, mtu akauhamisha ili tarehe isionekane. Tukimpata aliyeshona, mwenye duka hana pa kutokea. Atakulipa, na tutabandika tangazo mjini kwamba kosa lilikuwa lake."

Nilisikia moyo unafunguka. Lilikuwa ndilo neno nililokuwa nalitafuta siku zote zile, na huyu kijana alikuwa tayari kulibandika ukutani.

"Na aliyeshona atafanywa nini?" niliuliza.

"Naye atashtakiwa, hilo halina budi."

Akanirudishia gunia. Ndipo nikautazama mshono kwa mara ya kwanza. Kila ulipoishia, fundi alikuwa ameurudisha nyuma mara tatu, tena kwa upana wa kidole kimoja. Mafundi wengine hurudisha mara moja. Muhidin hurudisha mara tatu, kwa sababu zamani mteja alimrudishia suruali iliyofumuka mbele ya wakwe. Nguo zangu zote zimeishia hivyo. Nilimwambia Bwana Venant nitarudi Jumatatu, nikatoka.

Jioni ile tulifuturu kwa maji na tende. Nilimwacha ameze, kisha nikalitandaza gunia mkekani katikati yetu, mshono juu.

"Ulijua?"

Alikaa akilitazama.

"Nilijua ni wa zamani," alisema. "Sikujua utaununua wewe."

Nimeyasikia mengi katika ndoa yangu, lakini hilo lilinikaa kifuani likakataa kushuka. Akaendelea kueleza, sauti ya chini. Maige alimpa jora la marikani, akamwambia ashone magunia kumi, akayashona. Angekataa, cherehani angeiweka wapi? Angekula nini? Wangapi mjini wanapewa baraza bure?

"Kwa hiyo unga huu ungenunuliwa na mke wa mtu mwingine," nilisema, "wewe ungelala usingizi wako."

Alikuwa amekonda Ramadhani ile, mifupa ya mabega inaonekana ndani ya kanzu. Nilimwonea huruma, na huruma yenyewe ndiyo iliyoniudhi zaidi.

"Utakwenda kwa bwana afya ukaseme mwenyewe?"

"Nitakwenda, mama Zakia."

Jumatatu tulikwenda wote wawili. Alivaa kanzu yake nzuri, akaipiga pasi kwa mkono wake. Njia nzima hatukusemezana, na sikuona ubaya. Nilikuwa nimeshajipangia kwamba akisema yeye mwenyewe, kwa hiari yake, nitamsimamia. Nitamwambia Bwana Venant amwonee huruma, alikuwa ametumwa. Cherehani tungeiweka nyumbani, dirishani, wateja wangezoea. Nilikuwa nimepata hata mahali pa kuhamishia kabati.

Bwana Venant alitukaribisha viti, akafungua jalada.

"Haya. Mmemjua aliyeshona?"

Hapo palikuwa pake pa kusema, sikutaka kumnyang'anya. Muhidin aliitazama mikono yake, akaikunja magotini, akaikunjua. Chumba cha pili mtu alikuwa akipiga taipu, akakosea, akaanza tena. Muhidin akasafisha koo.

"Mafundi ni wengi Mwanza, bwana," alisema.

Bwana Venant akanigeukia mimi.

"Ni huyu," nikasema.

Kalamu ikatuliwa juu ya meza. Yule kijana alitutazama mmoja baada ya mwingine, na nadhani alitamani angekuwa kwenye bucha siku ile.

"Mama, nikiandika hapa haifutiki."

Muhidin alinyanyuka, akatoka, hakuufunga mlango. Nilisikia viatu vyake ushorobani, taratibu, kama anayengoja kuitwa. Sikumwita.

"Andika," nilimwambia Bwana Venant. "Na jina langu uliandike sawasawa. Sihaba binti Yahaya, mkaanga maandazi, Igogo."