Gari Lililonukia Mdalasini

Mwaka ule mabata bukini waliondoka mapema, nami nikawaonea wivu. Walipita juu ya paa letu wakielekea kusini, kelele kama watu wanaogombania viti, na mimi nimesimama jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi, nyayo zinaniwasha kutaka kwenda.

Daktari alikuwa ameshasema. Mapafu ya mume wangu Lyle hayangestahimili majira mengine ya baridi ya Minnesota. "Mpeleke kwenye jua kabla theluji haijafunga barabara," alisema akiniangalia mimi, si yeye, maana Lyle ni mtu wa kusema "si mbaya" hata kama amekatwa mguu. Kusini hatukuwa na ndugu wala nyumba. Basi tukaamua kununua gari-nyumba, lile kubwa kama basi, lenye kitanda na jiko na choo humohumo ndani, tukakae nalo jangwani kule Yuma mpaka baridi iishe. Tulitaka lililotumika, maana jipya ni la watu wengine. Nasi maishani hatujawahi kumiliki hata hema.

Tukalisaka. Moja lilikuwa limeshauzwa, jingine lilikuwa na nyuki. Kila asubuhi nilitazama barafu kwenye kioo cha dirisha na kumsikiliza Lyle akirudi kutoka kuchukua gazeti. Nje anakohoa, akiingia kwenye joto anatulia. Ndivyo ilivyokuwa miaka miwili, hata nikawa naijua hali ya hewa kwa kifua chake.

Ndipo tukasikia habari za Virgil Tollefson, mkulima aliyestaafu, aliyefiwa na mke, anayeuza gari-nyumba lake. Njiani Lyle alikaza usukani kwa mikono miwili, nikajua ana hofu.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Tega."

"Nyumba yangu haina msingi wala haianguki."

"Yai."

Lyle kila kitendawili kwake ni yai. Miaka arobaini na kitu ya ndoa, yai.

"Umekosa. Nipe mji."

"Chukua Fargo."

"Kila siku Fargo! Mji wenye baridi kuliko kwetu, nitaufanyia nini?"

"Ndio ulio karibu," akasema, na angalau akacheka.

Gari-nyumba la Virgil lilisimama kando ya ghala, jeupe, limeoshwa likang'aa. Mwenyewe alitungojea mlangoni, kofia mkononi kama anapokea jeneza.

"Karibuni. Kahawa?"

"Ah, usijisumbue," nikasema.

"Ipo tayari."

"Hapana, tumekunywa nyumbani."

"Kidogo tu."

"Basi, kama ipo."

Kwetu ndivyo mtu anavyokunywa kahawa. Anayekubali mara ya kwanza huyo hakulelewa.

Ndani tukapigwa na harufu ya mikate ya mdalasini iliyotoka motoni muda uleule, katika jiko la gari lenyewe. Zulia halina doa. Mapazia yamepigwa pasi. Lyle alikaa kwenye kiti cha dereva, akaangalia mita, macho yakamtoka.

"Ardith, njoo uone! Halijatembea kitu!"

"Limekaa tu hapo," Virgil akasema. "Miaka minne halijasogea."

Nasi wageni wa mambo hayo tukafurahi. Tulidhani gari lililokaa ni kama ng'ombe aliyepumzishwa.

Tukala mikate. Na ukishakula mkate wa mtu, utamfungulia makabati? Utamgongagonga kuta? Nilikaa magoti pamoja, mikono mapajani, nikisifu mapazia. Makabati yote nikayaacha yamefungwa kama mlango wa padri.

Lyle akaanza kukohoa.

"Makombo," akasema.

"Kunywa kahawa."

Akaendelea kukohoa. Virgil akampeleka nje kumwonyesha matairi. Nikawatazama dirishani. Upepo ulikuwa mkali, majani yanaruka hata juu ya ghala, na Lyle amevua kofia anaongea, anaongea, hakohoi hata kidogo. Wakarudi ndani. Mlango ulipofungwa tu, kifua kikaanza tena.

Mwili wangu ukakataa kutulia. Niliinuka, nikakaa, nikainuka tena. Kitu kilikuwa kimekaa juu chini na sikujua ni kipi.

Lyle alikuwa amesimama. Nikamwona anafuta kiganja kwenye suruali.

Kwetu wanaume wakishapeana mikono jambo limekwisha. Mtu anaweza kuvunja mkataba wa karatasi, lakini akivunja wa mkono hatanunua tena hata mbegu katika wilaya ile. Kiganja kilikuwa kinapanda. Nikakamata sinia la mikate, nikamtia Lyle mikononi.

"Mshikie Virgil sinia."

"Sinia? La nini?"

"Lishike tu, mzee wangu, litaanguka."

Akalishika, mikono miwili, akiniangalia kama nimepungukiwa akili. Virgil akarudisha mkono wake taratibu.

"Haya basi," nikasema, nikajipiga mapaja kwa viganja. Hiyo kwetu ni kuaga. Na kuaga kwetu kuna kuaga kwa kitini, kwa mlangoni na kwa dirisha la gari, na katikati watu huulizana habari za mavuno na za nyonga ya shangazi. Tukafika mlangoni. Tukasimama. Virgil akaanza kueleza mahindi, na mvua ikaanza kunyesha.

Koti langu lilikuwa limewekwa kitandani, chumba cha nyuma. Nikaenda kulichukua. Kando ya kitanda palikuwa na kabati refu, vishikio vyake vimefungwa kwa skafu ya kike, ya samawati. Nilipoinama nikaegemeza mkono ukutani.

Ukuta ukabonyea. Ulikuwa laini kama mkate uliolowa maziwa.

Nikasimama pale na koti langu. Mngekuwa mimi mngefanyaje? Kumwambia mtu aliyekupikia kwamba nyumba yake imeoza, kwetu hakuna maneno yake, hatukufundishwa. Mlangoni nilimsikia Lyle akikohoa, na Virgil akisema, "Mvua hii ikigeuka theluji, kufika Alhamisi barabara haitapitika."

Nikarudi.

"Virgil, kitendawili."

"Ardith, si sasa," Lyle akasema, bado ana sinia.

"Nisemeje?" Virgil akauliza.

"Sema tega."

"Haya. Tega."

"Nina mtu wangu. Akitoka nje kwenye baridi anapona. Akiingia ndani kwenye joto anaugua."

Mvua ilipiga paa.

"Yai," Lyle akasema kwa sauti ndogo, kisha kikohozi kikamkamata, mikate ikacheza kwenye sinia.

Virgil alimtazama mpaka kikohozi kikaisha. Akanitazama mimi, halafu akatazama mkono wangu, vidole bado vina unyevu. Akapita katikati yetu, akaenda nyuma, akafungua fundo la skafu.

Ndani mlikuwa na magauni, yamepangwa vizuri. Alipoyasogeza, nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu kutoka juu hadi chini, na maji yalikuwa yakitiririka polepole kana kwamba ndiyo njia yake ya siku zote. Mkono wa gauni moja ulikuwa umeshikamana na ukuta. Virgil alivuta, ukabaki kule.

"Ya mke wangu, Marlys," akasema. "Sikufungua tangu azikwe. Nilisafisha kote, hapa sikufungua."

"Harufu je, baba?" nikamuuliza polepole.

"Pua yangu ilikufa nilipougua. Sinusi kitu. Nafanya tu alivyofanya yeye. Wageni wakija, mdalasini." Akakaa kitandani. "Lyle, ningekuuzia kaburi lako."

"Si mbaya," Lyle akasema. Naapa, ndivyo alivyosema. Tukacheka sote watatu, na Virgil akafutia macho skafu ile.

Lakini gari-nyumba hatukuwa nalo, na mvua ilikuwa ikizidi kuwa baridi. Miguu ilinirudia kuwasha. Virgil ndiye aliyesimama kwanza.

"Ng'ambo ya ziwa yuko Bernadine. Naye anauza gari-nyumba. Limezunguka nchi nzima, na sura yake hata kunguru hatui juu. Twendeni sasa, maadamu inanyesha. Mvua ndiyo itakayolikagua." Akapakia ngazi kwenye gari lake.

Bernadine hakutukaribisha kahawa. Alikuwa na mbwa mzee na midomo isiyopakwa sukari.

"Fungueni kila kitu," akasema. "Paa nililiziba mwenyewe mwezi wa tano. Kiti kile mbwa alikikojolea. Mapazia mabaya, najua, msiniambie."

Virgil alipanda juu, mvua inampiga, akabonyeza kila kiungo cha paa kwa kidole gumba kama anayechagua parachichi. Mimi nilifungua makabati yote, hadi la taka, nikatia mkono mpaka begani. Pakavu. Kisha nikamlaza Lyle kwenye kitanda cha nyuma na kumfungia mlango.

Tukasikiliza. Hatukusikia kitu. Tukaendelea kusikiliza, hatukusikia kitu, mpaka mimi nikaogopa nikafungua. Alikuwa anakoroma, mbwa amelala miguuni pake.

Safari hii alipofuta kiganja kwenye suruali sikumpa sinia.

Tuliondoka Jumatano, theluji ya kwanza ikianza kudondoka. Virgil alikuja na mikate ya njiani. Magauni yale alikuwa ameyafua, akasema, yanakauka jikoni. Tukaaga kwa mlangoni, tukaaga kwa dirishani, injini inanguruma, akaanza na mahindi. Nami nyayo zinawaka moto.

"Kitendawili!" nikasema kwa nguvu.

"Tega," wakajibu wote wawili.

"Nina wazee wawili, nyumba yao imewashwa lakini haiendi."

"Yai," Lyle akasema.

"Umekosa. Nipe mji."

Akatazama theluji inavyotua kwenye kioo. Akawasha vifutio.

"Chukua Yuma," akasema, akaachia breki.