Simu Yangu Kwenye Gwaride

Jana usingizi uliponikamata tu, nilijikuta kwenye chumba changu cha ushauri nasaha, mle kambini, mchana kweupe. Simu yangu imesimama juu ya meza. Imevaa buti na imekakamaa.

"Niko tayari kuripoti, afande," ikasema.

"Kuripoti nini? Mimi ni raia."

"Vikao vyote vya Koplo Masasila."

Koplo Masasila alirudi kutoka ulinzi wa amani akiwa hawezi kusikia mlango ukibamizwa bila kujificha chini ya meza. Wakubwa wakijua, kazi anayoipenda kuliko kitu chochote itakuwa mashakani. Aliniambia mimi peke yangu. Nami, kwa uvivu wa kuandika, nilikuwa namrekodi kwa simu hiyohiyo wanayochezea wanangu, na sikumwambia.

Ukuta ukaondoka bila kuaga. Tuko uwanja wa gwaride. Meja aliyesimama jukwaani ni kabati la mafaili lenye masharubu.

"Soma!" linaamuru.

Simu inakohoa. "Kikao cha nne. Mteja analia..."

"Nyamaza!" napiga kelele.

"Una nyota ngapi begani?" inaniuliza, kwa upole kabisa.

"Sina."

"Basi mkubwa wako ni nani?"

"Mama Tegemea, msimamizi wangu. Kila Alhamisi namweleza kwa simu kazi yangu inavyokwenda."

"Mara ya mwisho ilikuwa lini?"

Kikosi kizima kinanigeukia. Miezi miwili nimekuwa nikimwambia Mama Tegemea kwamba mtandao unasumbua. Mtandao haukuwa na tatizo lolote. Nilikuwa nakwepa maswali yake.

Nikatimua mbio. Siwezi kuacha koplo wa watu aumbuke kwa uzembe wangu. Hatua ya tatu nikawa jikoni kwa Mama Tegemea. Anamenya ndizi, na kila ndizi inampigia saluti kabla ya kuingia sufuriani.

"Shikamoo, mama. Simu inasoma siri za mteja wangu!"

"Marahaba. Mwenyewe anajua kuwa unamrekodi?"

Swali lenyewe ndilo hilo. "Hajui."

"Sasa mimi umenifuata ya nini? Mwambie yeye kwanza, halafu uje tuzungumze."

Nafungua mlango wake, natokea uwanjani. Simu imefika "anajificha chini ya..." Nalipita kabati, nasimama mbele ya Koplo Masasila, aliye mstari wa mbele.

"Koplo, nilikurekodi bila ruhusa yako. Naona aibu. Nisamehe."

"Nilihisi, dada. Nilikuwa nasubiri uniambie." Kisha anaigeukia simu. "Wewe! Funga mdomo. Maneno hayo ni yangu."

"Ndiyo, afande!" Simu ikapiga buti chini, ikanyamaza. Kabati likabaki limeachama droo zote, na ndani hamna hata karatasi.

Nikaamka kumepambazuka. Nikampigia Mama Tegemea palepale, kabla ujasiri haujaniponyoka. Akapokea upesi.

"Vipi, ushamwambia?" akauliza, hata sijamsalimia, kana kwamba naye alikuwemo ndotoni.

Nikakaa kitandani.

"Bado, mama. Anakuja saa tatu. Ndilo neno la kwanza atakalolisikia."