Glasi ya Mzee Kijani

Mgeni aliingia bila kubisha hodi, tabibu akiwa anaosha mashine ya kusagia juisi. Hakuwa na sura ya mgonjwa. Alivaa shati jeusi lililopigwa pasi vizuri, akasimama katikati ya chumba kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Karibu kaka, keti. Unasumbuliwa na nini?"

"Mimi mzima. Mke wangu ndiye aliyekuwa anakuja hapa. Yule mwalimu wa chekechea, mcheshi mcheshi."

Tabibu alimkumbuka mara moja. "Yule! Aliniambia juisi yangu ina ladha ya uwanja wa mpira. Hajambo?"

"Tumemzika Jumamosi."

Tabasamu lilimfia tabibu mdomoni. Mgeni alieleza taratibu, bila ukali, na upole wake ndio uliouma zaidi. Mkewe alikuwa na kisukari cha siku nyingi, kikamharibia figo. Hospitali walimkataza spinachi, ndizi, nyanya na machungwa. Vyakula hivyo vina madini ambayo figo nzima huyatoa kwenye mkojo, lakini figo mbovu huyaacha yakirundikana kwenye damu mpaka moyo unasimama. Mama wa watu akachoka kukatazwa. Akaja hapa, ambako hakuna aliyemkataza kitu. Alipewa juisi ya kijani, ya spinachi na ndizi, akaambiwa anywe kila siku asichoke.

"Hakukwambia kuhusu figo?" mgeni aliuliza.

"Sikumuuliza."

Ndivyo baba yake alivyomfundisha. Mzee ndiye aliyeanzisha kliniki hii ya tiba asilia, na juisi ile aliibuni mwenyewe. Mtaa mzima ulimwita Mzee Kijani. Kanuni yake ilikuwa moja: aliyekuja kwetu ameyaacha ya hospitali mlangoni, usiyaokote. Zamani kanuni hiyo haikumdhuru mtu. Wagonjwa walikuja na choo kigumu, mafua, uchovu wa kazi. Siku hizi mtu mmoja anaingia na magonjwa matatu na mfuko wa vidonge kwapani, na bado anapewa glasi ileile.

"Sikuja kugombana, dada," mgeni alisema. "Alikupenda. Naomba kitu kimoja tu. Kabla hujampa mtu, muulize habari za figo zake. Kama hajui, akapime kwanza. Yeyote yule."

"Yeyote yule. Nakuahidi."

Mzee Kijani alikuwa amesikia yote kutoka chumba cha nyuma. Mgeni alipoondoka, alitokeza kichwa. "Kila mfiwa hutafuta pa kutua mzigo wake. Usiubebe, mwanangu."

"Nimeshaubeba, baba."

Akaanza upya. Alimfuata muuguzi wa zahanati ya jirani, akakaa mbele yake kama mwanafunzi. Alijifunza kupima presha, kusoma majina ya vidonge, na kuchemsha mboga kwenye maji mengi kisha kuyamwaga, ili mwenye figo dhaifu naye apate cha kula. Wateja wengine walinuna. "Nimekuja kutibiwa au kuhojiwa?" mwenye duka la nguo alimuuliza. "Umehamia polisi?" Akaondoka, na mashoga zake wakamfuata. Benchi la wagonjwa likabaki na nafasi tele.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye tabibu hakumuuliza habari za figo. Kila asubuhi alimpelekea baba yake glasi, kama alivyofanya tangu alipojua kushika kisu, akijiambia kwamba baba si mgonjwa. Mpaka siku alipomsaidia kuvua soksi, akaona zilivyomwachia mfereji kwenye mguu uliovimba.

Kesho yake alikwenda kwake mikono mitupu.

"Glasi yangu iko wapi?"

"Kapime figo kwanza, baba."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Wanasema mganga hajigangi. Mimi nimezaa wa kuniganga, halafu ananituma kwa wenye sindano! Lete glasi, bwana."

"Baba, tafadhali."

Kicheko kikakatika. "Mimi ni mgonjwa wako au ni baba yako?"

Alijua jibu alilotakiwa kutoa, akatoa jingine. "Leo ni mgonjwa wangu."

Baada ya hapo mzee alimnunia. Alipita mbele yake kama anapita mbele ya kabati. Kisha siku moja, bila kuaga, akavaa koti lake la kutokea, akaenda zahanati. Alirudi na muuguzi, kipande cha pamba kimebandikwa mkononi, uso umechangamka kama wa mtoto aliyemeza dawa chungu na sasa anangoja sukari.

"Nimechomwa," alitangaza, akapita jikoni.

Muuguzi alimvuta tabibu hadi barazani. "Figo zimechoka sana, dada. Kesho asubuhi mpeleke hospitali kubwa. Na ile juisi, hata tone asiguse."

Aliporudi ndani alisikia mashine inanguruma. Baba yake alikuwa ameegemea meza, anahema, jagi la kijani limejaa mbele yake. Majani yalikuwa yametapakaa sakafuni.

"Mikono inatetemeka," alisema. "Siwezi kulinyanyua. Nimiminie."

"Baba, majibu ni mabaya."

"Uliniambia nikapime, nimepima. Sasa kuna nini tena?"

"Itakuua."

"Hii?" Aligusa jagi kwa kidole, polepole. "Hii imekulea wewe. Imekusomesha. Nimewanywesha watu maisha yangu yote, wakapona, wakaleta ndugu zao. Leo imekuwa sumu, na kwangu mimi?"

Tabibu alitamani kumkumbatia, lakini aliogopa akimkumbatia atammiminia.

"Nusu tu, mwanangu. Nisiingie kwa watu wa hospitali kama mtu aliyeshindwa."

"Nimekuchemshia kabichi, baba. Nimemwaga maji yake, haina madhara."

"Kabichi." Alilitamka kama mtu aliyetukanwa. Akashika ukuta, akajikokota hadi chumbani kwake. Kitanda kililia.

Tabibu alilibeba jagi kwa mikono miwili mpaka kwenye sinki, akaliinamisha. Juisi ilishuka kwa uzito, ikazunguka, ikaishia. Alifungua bomba akasuuza.

Kutoka chumbani baba yake akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umeimwaga?"

"Nimeimwaga, baba."

Kitanda kikalia tena, mzee akigeukia ukutani.