Toni ya Mkono wa Kushoto

Kabla hapajapambazuka nilisikia uzi wa gitaa ukilia sebuleni: ting. Kimya. Ting tena. Nikavaa kandambili nikaenda kutazama.

Mume wangu ametengeneza magitaa miaka arobaini. Tangu kiharusi kimpige, mkono wake wa kushoto hulala pajani kama kitambaa kilichosahaulika. Hospitali ilitupa ziara sita za binti wa mazoezi ya viungo, na siku hiyo ilikuwa ya sita. Kama hata kidole kisingejongea, binti angepelekwa kwa mgonjwa mwingine, na karakana tungeifunga.

Nilimkuta amefunga kifundo cha mkono huo kwenye mguu wa meza kwa uzi mnene wa gitaa. Kwa mkono mzima aliupiga, akatega sikio.

"Bado iko chini," akasema.

"Nini iko chini, baba watoto?"

"Toni. Binti ameandika toni ya misuli ni hafifu. Uzi ukilegea, unakazwa. Hilo sihitaji kufundishwa."

Nikaukata kwa koleo. Akahuzunika. Uzi ulikuwa mpya.

Binti alikuja saa tatu, akaiona alama nyekundu kifundoni. Hakucheka wala hakukaripia. Alivuta kigoda, akakaa chini kuliko mume wangu.

"Babu, gitaa likiwa limetundikwa tu ukutani, nyuzi zake zimelegea?"

"Zilegee kwa nini? Zimekazwa. Zinasubiri."

"Misuli nayo ndivyo. Hata umepumzika, inajishikilia kidogo, inasubiri. Hiyo ndiyo toni ninayoandika mimi. Ila hii haisikiki kwa sikio, na haiji kwa kuvutwa na kamba. Anayekaza ni ubongo."

Mume wangu akagonga kichwa. "Kumbe ufunguo wa kukazia uko huku."

"Huko huko."

"Basi uzi wangu umekatwa bure."

"Na mkono wako ungekatwa bure," nikamwambia.

Wakafanya mazoezi nusu saa. Mkono haukutikisika. Binti akatia mpira wake wa mazoezi mkobani, akatazama saa, kisha akalichukua gitaa ukutani na kumlazia mapajani. Akapiga uzi wa tatu.

"Huu uko sawa, babu?"

"Hauko sawa hata kwa kiziwi. Kaza."

Akazungusha ufunguo.

"Unalegeza!"

"Hivi?"

"Unazidi kulegeza! Mjukuu wangu, kiharusi kilishindwa kuniua, sasa wewe unataka kunimaliza?"

Aliendelea kulegeza, uso wake mtulivu kama wa mtu anayechagua vitunguu. Uzi ukatoa sauti ya mlango mbovu. Hapo kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kikainuka pajani, kikaugusa ufunguo, kikateleza. Kilikuwa kitu kidogo, kama sikio la mbuzi linapofukuza nzi. Sote watatu tulikiona.

Binti akafungua daftari, akaandika. Herufi zilipanda juu ya mstari, naye huandika vizuri siku zote.

Nilimsindikiza hadi mlangoni. Nilipompa mkono nikahisi ncha za vidole vyake vya kushoto: zina sugu ngumu za nyuzi, sawasawa na za mume wangu. Nikamtazama. Akatazama viatu vyake.

Nikamfungia maparachichi mawili.

"Mjukuu!" mume wangu akaita kutoka ndani. "Njoo tena Alhamisi. Umeniharibia uzi, nani atautengeneza?"