Mafuta Mdomoni

Mume wangu alikuwa fundi viatu, na fundi viatu akigonga soli huweka misumari mdomoni. Ile midogo, myembamba, ambayo mwanzoni nilidhani siku moja ataimeza. Aliitia shavuni kama mtu anayekula karanga, kisha ulimi ndio ulikuwa unafanya kazi humo ndani: unaigeuza, unasukuma mmoja mpaka katikati ya midomo, kichwa kikitangulia. Yeye anauchomoa kwa vidole viwili bila kuangalia, anagonga, na mwingine umeshafika. Mkono wa kushoto ulishika kiatu juu ya ule mguu wa chuma wa kugongea viatu, wa kulia ulishika nyundo. Alikuwa akisema Mungu amempa kila binadamu mikono mitatu, ila huo wa tatu wengine wanautumia kusengenyea tu.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yangu nimeongea na mtu ambaye mdomo wake umejaa. Alijibu kwa kuguna. Mguno mfupi ulikuwa ndiyo. Mrefu wa kushuka ulikuwa hapana, na usiulize tena. Mtu akija kuulizia viatu vyake, mimi niko pale mlangoni nachambua mboga, namtafsiria kwamba fundi anasema gundi haijakauka, rudi kesho. Watu walicheka, wakasema sisi tumeoana kwa lugha ya nyuki.

Kulikuwa na mguno mmoja wa kwangu peke yangu. Tulijuana nilipompelekea kiatu kilichong'oka kisigino, akanirudisha mara nyingi kuliko kisigino kilivyohitaji, mpaka mama yangu akauliza ni kiatu gani hicho kinachougua namna hiyo. Tangu hapo aliniita Mteja. Hakuniita mke wangu, wala mama watoto. Nikimnunia anawaambia watoto mteja hapatikani kwa sasa, wajaribu tena baadaye. Na akiwa na misumari mdomoni, nikiingia na chai, aliguna mara tatu, wa mwisho akiuvuta kidogo. Hakuinua hata kichwa. Alinijua kwa mburuzo wa ndala zangu.

Mambo ya mafuta aliyaleta msusi, jirani yetu wa ukuta mmoja. Yeye aliyasikia kwenye simu. Alisema ukiamka, kabla hujala chochote, unatia kijiko cha mafuta ya nazi mdomoni, unasukutua taratibu, unayapitisha katikati ya meno mpaka yawe meupe na mepesi kama maziwa, halafu unayatema na uchafu wote wa mwili. Yanatibu fizi, harufu, kichwa, magoti, kukosa usingizi na madoa ya usoni. Nikamuuliza kama yanatibu na uvivu, maana nina wajukuu. Akasema hilo hakulisikia, ila ataangalia.

Mume wangu kwa wakati huo fizi zilikuwa zinamtoka damu. Akipiga mswaki mate yanakuwa mekundu, na mdomo ulikuwa umeanza kuwa na harufu, ambayo mimi nilikuwa nailalia upande wa ukuta bila kusema kitu. Basi akaanza. Kila asubuhi alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, chupa ya mafuta pembeni, miguu ameitoa nje, anasukutua huku anaangalia kuku wa msusi. Kama kulikuwa na baridi mafuta yaliganda, nami niliweka chupa kwenye bakuli la maji ya moto mpaka yayeyuke. Akimaliza anatema kwenye kopo kuukuu la rangi lililojaa vipande vya ngozi, si kwenye karo, kwa sababu mafuta yakipoa huko kwenye bomba yanaziba na fundi bomba si rafiki wa mtu. Kisha anasuuza kwa maji ya uvuguvugu, anapiga mswaki, anakuja kunipulizia usoni nimwambie kama kuna harufu.

Siwezi kuyasingizia mafuta. Fizi ziliacha kutoka damu. Harufu iliisha, nikarudi kulala ninavyotaka. Fundi akawa mhubiri. Mtu analeta kandambili ishonwe mkanda anaondoka na somo la fizi. Vijana wa mtaani walimtania kwamba siku hizi hasuuzi mdomo, anaukaanga. Yeye akaguna.

Kidonda sikukiona siku kilipoanza. Nilichoona ni kwamba ameanza kuiacha chai ipoe, yeye ambaye alikuwa akinywa chai inayotoa moshi. Kisha akahamisha misumari kutoka shavu la kushoto kwenda la kulia. Kisha mkate akautafunia upande mmoja. Nilipomuuliza akasema msumari umemchoma ubavuni mwa ulimi, jambo dogo. Na kweli misumari ilikuwa ikimchoma tangu ujana wake, inapona yenyewe. Fundi gani wa viatu hana kovu mdomoni? Akasema mafuta yanampoza, akiyaweka maumivu yanatulia kabisa. Akaongeza kijiko cha jioni.

Binti yetu ni muuguzi, baba yake alimwita Sista. Siku alipokuja kututembelea akamsikia baba yake anaongea kama mtu mwenye pipi mdomoni, akamwambia afungue amulike. Baba akasema ngoja kwanza nisukutue. Akatia mafuta, akakaa na mashavu yamevimba, na Sista akasubiri mpaka saa ya zamu yake ikafika, akaondoka mbio. Wiki nyingine akaja tena. Mume wangu alimwona anakata kona, na kabla hajafika mlangoni mafuta yalikuwa mdomoni. Nilicheka. Tulicheka wote, hata Sista alicheka, akasema baba anajificha nyuma ya kijiko kama mtoto anayekimbia sindano. Ikawa ndiyo mchezo wao. Anakuja na sare yake nyeupe, anakuta mdomo umefungwa, baba anamwonyesha shavu kwa kidole: nina kazi humu. Alimwambia kwa upole kwamba mafuta yasafishe meno, hana ugomvi nayo, lakini kidonda kisichopona kinataka macho ya daktari. Baba akaguna ule mguno mrefu wa kushuka.

Halafu siku moja Sista akaja na kiti chake. Aliuchukua mfuko wake wa kazi akauning'iniza kwenye msumari ukutani, akakaa uso kwa uso na baba yake pale mlango wa nyuma. Saa ya zamu ikafika, hakusimama.

"Leo nimeomba ruhusa, baba," akasema. "Nina siku nzima. Sukutua tu."

Akasukutua. Aliyapeleka huku na huku, mashavu yakachoka, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Aliniangalia mimi kama nitamsaidia. Nilikuwa nimeshika kopo la kutemea, nikamsogezea. Alipotema, yale mafuta meupe yalikuwa na uzi mwekundu ndani yake, unaelea kama ule wa kushonea viatu. Akafungua mdomo. Sista akamulika kwa simu, akamsogeza ulimi kwa kijiko kilekile cha mafuta, akaangalia kwa muda, akamshukuru. Kisha akazunguka nyuma ya banda la kuku wa msusi, akakaa huko. Aliporudi alikuwa amenawa uso.

Daktari alikuwa kijana, mwenye sauti ya chini. Alisema ni saratani, na imeshika ulimi kiasi kwamba karibu wote utolewe. Mume wangu akamuuliza kama ni misumari. Akasema hawezi kusema hivyo. Akamuuliza kama ni mafuta. Daktari akasema mafuta hayakuileta na hayakuizuia, yalimpoza tu, na muda ukapita. Kidonda cha mdomoni kikizidi wiki mbili tatu hakijapona, akasema, ni cha kuonwa. Hakusema kwa kulaumu. Mume wangu akakaa anazungusha kofia magotini, akauliza tena, sasa taratibu, kila neno likimsumbua:

"Ukitoka huo ulimi, misumari nitaisukuma kwa nini?"

Daktari hakuelewa. Mimi na Sista tulielewa, na Sista akaangalia dirishani.

Siku za kungojea kitanda hospitalini, kijana wetu mkubwa, dereva wa lori, akaja na wazo la kurekodi sauti ya baba yake kwenye simu, wajukuu waje kuisikia. Lilikuwa wazo jema. Alimweka kwenye kiti, akamwambia ongea chochote, baba, tupe wosia, tupe hadithi. Mume wangu akaitazama ile simu kama kiatu ambacho hajui kilishonwa wapi. Akakohoa. Akasema moja, mbili, tatu, tunajaribu mitambo. Alivyobembelezwa sana akasema msiweke viatu vyenye unyevu kwenye mfuko wa nailoni. Basi, ndicho tulichopata.

Mimi sikutaka rekodi. Nilitaka kitu kimoja, aniite Mteja, mara moja, kwa mdomo wake, kabla ya kwenda. Lakini jina kama lile haliombwi. Ukiliomba unakuwa umejiita mwenyewe. Nikawa nazunguka karibu yake nikijitafutia sababu. Namletea chai ya vuguvugu, maji, mto wa mgongoni. Nikaburuza ndala kuliko kawaida. Yeye maneno yalikuwa yanamuuma, akayapunguza. Aliniashiria kwa mkono, akatikisa kichwa, akanipigapiga magotini. Jina halikuja.

Asubuhi ya kwenda hospitali alikuwa haruhusiwi kula wala kunywa. Akatoka na chupa yake hadi kizingitini. Sista akamwambia hata mafuta hapana, hicho kitu kikishuka kooni si kizuri. Akamjibu kwamba hali, hanywi, anasukutua tu, na kwamba ni mara ya mwisho. Sista akamwangalia, kisha akaingia ndani akaniacha naye. Alimimina kidogo mno, robo ya kijiko. Nikakaa pembeni yake kwenye kizingiti, bega kwa bega, kopo katikati ya miguu yangu.

Nilisubiri. Nilijua mafuta yale yanageuka meupe lini, kwa jinsi mashavu yanavyokwenda. Kuku walikuwa wanaparura. Gari la kukodi likaja mbele ya nyumba, likapiga honi, Sista akamwambia dereva asubiri. Nikasema moyoni, akitema ataniita. Akatema. Akasuuza, akatema tena. Akajifuta kwa leso, akaikunja pembe kwa pembe kama alivyokuwa akiikunja siku zote, akanigeukia.

"Viatu vya mwalimu viko tayari," akasema. "Mwambie asivianike juani."

Nikamwambia nitamwambia. Akasimama kwa kunishika bega, akaenda kwenye gari. Hospitali walimpokea haraka, wakamvalisha gauni lao. Niliporuhusiwa kusogea kwenye kitanda cha magurudumu alikuwa ameshachomwa sindano na macho yanaelea. Kwa hiyo maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa hayo ya viatu.

Mwalimu alikuja kuchukua viatu vyake, nikamwambia asivianike juani. Akaniuliza hali ya fundi. Nikasema anaendelea.

Siku za mwanzo baada ya kutolewa ulimi alikuwa na mpira kooni, akipumulia hapo, hata mguno hakuna. Uso ulikuwa umevimba. Aliandika kwenye karatasi mambo ya maji na dirisha. Kisha mpira ukatolewa, tundu likaziba, wakaturuhusu kwenda nyumbani. Alikaa kwenye meza yake ya kazi. Misumari aliiweka kwenye kifuniko cha chupa ya mafuta, akawa anaweka nyundo chini, anachukua msumari, anausimamisha, anachukua nyundo tena. Ilimchukua asubuhi nzima kwa soli moja. Kila mara nilimwona anasogeza shavu, anatafuta ule ulimi usukume.

Nilimpelekea uji mwepesi, maana chai ilikuwa inamshinda. Nikaburuza ndala zangu tu kama mtu anavyoburuza. Hakuinua kichwa. Aliguna mara tatu, wa mwisho akiuvuta kidogo.

Uji ulimwagika sahanini. Nikamwambia, "Nipo, fundi." Akaguna tena.

Nilipewa huo mguno kwa msimu mmoja, mchana na asubuhi, hata nisipokuwa na kitu mkononi. Nilikuwa naingia na kutoka kwa makusudi. Halafu ugonjwa ukarudi shingoni, na mwishoni alikuwa anapumua tu. Tulimzika, kofia yake nikabaki nayo mimi.

Msusi alikuja akalia sana. Alisema angejua asingemwambia habari za mafuta. Nikamwambia aliponya fizi, hilo alifanya, na daktari mwenyewe alisema hayakuleta kitu. Bado anasukutua, namsikia kupitia ukutani.

Kijana wetu ana ile sauti kwenye simu. Moja, mbili, tatu, tunajaribu mitambo. Wajukuu wanacheka, wanaomba irudiwe. Mguno hakuna aliyekumbuka kuurekodi, maana nani anarekodi mguno.

Asubuhi nakaa kizingitini na chupa. Meno yangu yamebaki machache, hayahitaji shughuli yote hiyo. Lakini mdomo ukishajaa najaribu kuguna mara tatu, nikiuvuta wa mwisho. Unatoka sawasawa, nimeujua siku nyingi. Ila unatokea kichwani mwangu, hautokei upande wa meza ya viatu. Mafuta yakigeuka meupe natema kwenye kopo, najifuta, naingia ndani kuchemsha chai. Bado nachemsha ya vikombe viwili, kimoja nakiacha kipoe.