Bandeji Juu ya Nyuzi

Chansouk aliona weupe kwanza. Bandeji ya mkono wa kushoto wa mama yake ilipofunguliwa baada ya upasuaji wa tumbo, ngozi ilikuwa nyeupe na ya baridi kama wali uliolala. Siku chache baadaye ikawa nyeusi. Ikapasuka, ikatoa usaha wenye harufu iliyomkimbiza Chansouk dirishani.

Mama yake, Mama Thongsy, alikuwa mfumaji wa hariri. Bila mkono ule, hakuna kitambaa.

Daktari Sengdara, aliyesimamia upasuaji, alisimama mlangoni, leso puani. "Ni hizi nyuzi mlizomfunga. Zimembana."

Shangazi Boualay ndiye aliyezifunga kwenye kifundo cha mkono, nyuzi nyeupe za baraka, ili roho za wifi yake, maana kwao mtu ana roho nyingi, zisitangetange akiwa kwenye usingizi wa dawa. Wauguzi waliziheshimu. Hawakuzikata, wakafunga bandeji juu yake, juu ya sindano ya dripu pia.

"Na hizo zako, daktari, hazibani?" shangazi aliuliza, akiangalia nyuzi kama zile kwenye kifundo cha mkono wake.

Daktari alishusha mkono wa koti. "Zangu hazikufungwa na mikono ya jembe."

Shangazi alitoka nje kulia. "Nimemharibia wifi yangu mkono!"

"Acha kulia, mama," muuguzi alimnong'oneza, Chansouk akiwa kando. "Presha ilishuka wakati anapasuliwa. Dawa ya kuipandisha ikapitishwa kwenye mshipa wa mkono, ikavuja. Dawa ile ikivuja hubana mishipa, nyama ikakosa damu. Mkono ulikuwa chini ya mashuka. Hakuna aliyefunua kuangalia."

"Daktari anajua?" Chansouk aliuliza.

"Ndiye aliyetuambia tunyamaze."

Kesho yake daktari alikuja na mfuko wa machungwa. Akasema vidole vitatu lazima vikatwe, lakini bahati ni kwamba roho imepona.

Mama Thongsy aliinua mikono, akaikutanisha ule mzima na ule uliooza, akaipeleka hadi kwenye paji la uso. "Asante sana, baba daktari. Umeniokoa."

Usaha ulimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Daktari akatabasamu, akapokea shukrani ile kama mtu anayepokea chai.

Maisha yake yote, mbele ya wakubwa, Chansouk alikuwa akiinamisha kichwa tu. Aliishika mikono ya mama yake, akaishusha polepole.

"Usimshukuru, mama. Wewe daktari, hukufunua kuangalia. Halafu ukamsingizia shangazi."