Kura ya Siri

Shati la Makoye lilikuwa mezani mbele ya mwenyekiti. Makoye mwenyewe alikaa chini kifua wazi, kwa sababu hakuwa na jingine, na jua la asubuhi lilimchoma mgongo. Wenzake wa duarani, wachimbaji wa shimo moja la dhahabu, waliokula naye sahani moja jana yake, walijisogeza wakamwachia nafasi ya kutosha ng'ombe kulala.

Iritongo, baraza la kijiji, ilikuwa imeitwa kwa filimbi, na kila mtu mzima alitakiwa mkutanoni, wenyeji na wakuja. Regina, mjane aliyeponda mawe machimboni, alibakwa juzi jioni kwenye bwawa la kuoshea dhahabu. Sasa kijiji kilikuwa kinapiga kura ya siri kumtaja aliyembaka. Ndivyo wezi wa mifugo walivyopatikana huku tangu sungusungu ianze: kila mtu anaandika jina, na mwenye jina lililozidi anafungwa kamba. Sawa, ng'ombe hawezi kusema nani kamwiba. Regina aliweza, na alikuwa amekaa pale pale mbele ya wanawake, lakini hakuna aliyemuuliza.

Akasimama mwenyewe.

"Mwenyekiti, aliyenifanyia ni Selestine. Nilimwona uso. Huyu mwenye shati alikuja baadaye, akanifunika nalo."

Watu wakaguna. Selestine, mtoto wa Mogesi mwenye duara, alikuwa ameegemea pikapu ya baba yake, kijiti mdomoni. Wala hakukitoa.

"Mama, kaa chini," mwenyekiti alisema. "Kura ni ya siri. Hapa hakuna kumtaja mtu hadharani."

"Lakini ni mimi ndiye..."

"Ndiyo maana utapewa karatasi kama wengine. Utaandika."

"Sijui kuandika."

"Katibu atakuandikia."

Katibu alikuwa karani wa Mogesi.

Ndipo Mogesi akainuka, akavua kofia. "Wazee wangu, shikamooni. Mimi sina neno na mtu. Mtoto wangu ni mtoto wenu, mmemlea wote. Ila kuna jambo limenikaa moyoni. Huyu Makoye alipokuja kuniomba kazi, aliniambia kwa mdomo wake kwamba ametoka jela kwa kumbaka mwanamke. Nikamhurumia. Makoye, mura, kijana wangu, nasema uongo?"

"Si uongo, mzee."

Kweli alimwambia. Padri wa gerezani alimwonya kwamba anayetaka kuanza upya asianze na uongo, na Makoye akalishika neno hilo. Mogesi alimsikiliza kwa upole siku ile, akasema kazi ipo, ila mgao wa mawe ya dhahabu asahau. Atakula na kulala, basi. Makoye alikubali, tena aliona amependelewa. Akavuta maji duarani kutwa, akajenga kibanda cha nyasi, akapanda mahindi nyuma yake. Sasa mahindi yalikuwa yameanza kubeba. Hakutaka kingine duniani ila kuachwa ayavune. Na Mogesi muda wote huo alilitunza neno lile kama panga darini.

Mwanamke yule aliitwa Teddy. Aliuza uji kwenye machimbo mengine, upande wa Tarime, na Makoye alimbaka. Alijizoeza kulisema hivyo hivyo moyoni, bila kumsingizia shetani wala pombe. Mahakamani alikana. Alimwambia hakimu kwamba mwanamke huyu ni mwongo, anatafuta hela, na watu waliokaa nyuma wakacheka, naye Teddy akiwa amesimama peke yake mbele yao. Hakimu hakudanganyika. Lakini kicheko kile ni Makoye aliyekileta, na miaka yote ya kifungo haikukimaliza.

Kulikuwa na jingine ambalo Mogesi hakulijua. Juzi, Makoye aliposikia kilio bwawani, alitua ndoo akasimama. Alijua ni kilio cha nini kuliko mtu yeyote kijijini. Akawaza, nikikutwa pale itakuwa ni mimi. Akajibanza nyuma ya kichaka mpaka kilio kikafifia, ndipo akapiga kelele, na Selestine akampita mbio akifunga mkanda. Makoye alikuwa amempa muda. Hilo lilimuuma kuliko karatasi zote zilizokuwa zikigawiwa sasa.

Alipopewa yake aliandika Selestine kwa herufi kubwa. Kisha miguu ikamnyanyua kabla hajaamua.

"Mwenyekiti, sio mimi. Nilimwona Selestine akikimbia. Dada huyu anasema kweli."

"Heee!" Mwenyekiti alimtazama kwa furaha. "Mura, leo ni wewe wa kutufundisha mwanamke yupi ni mkweli?"

Wanaume wakacheka mpaka wengine wakajipiga mapaja. Regina alimgeukia Makoye, akingoja aseme zaidi. Makoye akafungua mdomo. Sio mimi: ndiyo maneno aliyomwambia hakimu, na kwa sauti hii hii. Akaketi.

"Sisi wanawake tumemsikia mwenzetu!" alipaza sauti Agustina, jirani yake Regina.

"Mama, karatasi si unayo?" mwenyekiti alimjibu. "Andika ulichosikia."

Kura zikahesabiwa. Makoye, akasoma katibu. Makoye. Makoye. Jina la Selestine nalo lilitoka, tena si mara moja, lakini mwenyekiti alieleza kwamba hizo zimeharibika, kwa kuwa zimefuata jina lililotajwa hadharani kinyume cha utaratibu. Mzee mmoja akasema utaratibu ni utaratibu.

Kituo cha polisi kilikuwa mbali, kupita kijiji cha Ringwani, na gari lilikuwa moja. Mogesi akajitolea mafuta, akapigiwa makofi. Sungusungu wakamfunga Makoye mikono, wakampandisha nyuma ya pikapu, na shati likapelekwa mbele liwe ushahidi. Ndipo mwenyekiti akakumbuka kwamba polisi hawapokei kesi bila mlalamikaji.

"Regina, na wewe panda."

"Nitakwenda kwa miguu."

"Kwa miguu utafika lini? Usitucheleweshee haki yako, mama."

Mogesi alikwisha kaa upande wa dirisha. Selestine, ambaye ndiye dereva, alimfungulia Regina mlango wa upande wa usukani, akamkaribisha kwa adabu mbele ya wazee. Wanawake wawili wa sungusungu wakamshika Regina mikono, si kwa ubaya, wakamsukuma ndani. Kisha Selestine akaingia, akafunga mlango.

Kupitia kioo cha nyuma Makoye alikiona kilemba cha Regina kimebanwa katikati ya mabega mawili. Akakigonga kioo kwa paji la uso, akagonga tena, na hakuna aliyegeuka. Injini ikawaka. Bega la Selestine likashuka, mkono wake ukitafuta gia kati ya magoti ya Regina, na gari likaondoka.